Wapendao Hadithi Moja

Kila urithi huja na deni lake. Shamba hurithiwa pamoja na mipaka yake, na ng'ombe hurithiwa pamoja na kazi ya kuwatafutia malisho. Hadithi nayo hurithiwa, lakini ni urithi wa namna ya peke yake, maana ugawanywapo haupungui. Baba akiwagawia wanawe watano ekari kumi, kila mmoja atapata mbili. Nyanya akiwasimulia wajukuu watano hadithi moja, kila mjukuu atakwenda kulala na hadithi nzima. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba hadithi haina mwenyewe, na kwamba mtu aipendaye aweza kuifanyia alitakalo. Insha hii yataka kulipima wazo hilo. Swali lenyewe ni hili: watu wapendao hadithi moja wakikusanyika ili kuitoa kinywani mwa wasimulizi na kuitia katika filamu, wana haki gani juu yake, na wana deni gani kwake?

Swali hili halitoki mbali. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha ziendazo, na mashindano ya kitaifa ya drama ya shule na vyuo nchini Kenya hupokea filamu pamoja na michezo ya jukwaani, mashairi na ngoma. Kijana asiye na senti ya kununua kamera aweza kuwa mtengenezaji wa filamu kabla hajaota ndevu. Na katika nchi ya Homa Bay na Migori hadithi si haba. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo husemwa kwamba ni kijiji kilichozama kwa sababu watu wake walimfukuza mwanamke mzee aliyewaomba hifadhi usiku wa karamu. Huko Kanyamwa aliishi Gor Mahia, mganga mwenye vitimbi vingi, ambaye klabu ya mpira wa miguu ilichukua jina lake mwaka 1968. Kutoka Kano, upande wa Kisumu, husimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe. Hizi ni hadithi za miujiza, ndefu na zenye vituko, nazo zafaa kwa filamu kuliko nyingi zinazoletwa kwetu kutoka nchi za ng'ambo. Haishangazi, basi, kwamba vijana wazipendao hukaa pamoja na kuulizana, Je, tukiitengenezea filamu hadithi hii, itakuwaje?

Na tutwae moja iwe mfano wetu. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini katika nchi ya Gwassi, kwenye ufuko wa ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na ramani huliita Ziwa Victoria. Siku moja wavu wake ulikuwa mzito. Alipouvuta hakuona samaki, aliona kikongwe mwanamke, mbaya wa sura. Alitaka kumrudisha majini, lakini kikongwe akamsihi amchukue nyumbani, naye akamchukua. Tangu siku hiyo zizi la Nyamgondho likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Akaoa wake wengine, na jina lake likavuma. Mali ikampanda kichwani. Akawa mlevi na mwenye ulimi mchafu. Usiku mmoja alirudi kutoka kwenye pombe akakuta lango limefungwa, na kwa hasira akamtukana yule kikongwe kwa kumkumbusha kwamba aliokotwa majini. Kulipopambazuka kikongwe akatoka, akashika njia ya ziwani, na kila mnyama aliyekuwa zizini akamfuata, wakatoweka majini wote. Nyamgondho akawakimbilia akiwaita, asisikilizwe. Akasimama ufukoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Huko Nyandiwa wenyeji huonyesha mahali aliposimama.

Niliwahi kuketi na wanafunzi waliotaka kuifanya hadithi hii filamu. Walikuwa kumi na mmoja, wengine kwao Homa Bay na wengine kwao Migori, na kila mmoja alikuwa amesimuliwa na mkubwa wake. Hawakuwa wameandika ukurasa hata mmoja wa mchezo wao, lakini mabishano yalikuwa yamekwisha kuwa makali. Wa kwanza alitaka mwanamke wa ziwani awe kijana na mzuri, kwa kuwa watazamaji hupenda uzuri. Wa pili alitaka Nyamgondho atubu mwishoni, na ng'ombe wake wote warudi kutoka majini, kwa kuwa watu huondoka na furaha wakiona mambo yameishia vyema. Wa tatu alitaka habari yote ihamishiwe zama zetu, mvuvi awe na mashua ya injini na mali yake iwe magari na nyumba za kupangisha. Wa nne alitaka tuonyeshwe makao ya mwanamke huyo chini ya ziwa, tujue ni nani na ametoka wapi. Wa tano hakutaka lolote katika hayo. Alisimama akasema, "Hivyo sivyo nyanya alivyonisimulia," na kila pendekezo lilipotolewa alirudia maneno hayo hayo.

Tumwanze huyu wa mwisho, kwa kuwa alikuwa na neno la haki. Alihisi kwamba kitu alichopewa kwa upendo kilikuwa karibu kuharibiwa na watu wenye haraka. Lakini alilolitaka haliwezekani. Msimulizi asemapo "kikongwe mbaya wa sura", kila msikilizaji humwumba kikongwe wake mwenyewe. Mmoja humpa uso wa jirani amwogopaye, mwingine humpa makovu, mwingine humpa jicho moja. Watu hamsini wakisikiliza, kuna vikongwe hamsini, na hakuna ugomvi. Filamu haina nafasi hiyo. Lazima imchague mwanamke mmoja, mwenye uso mmoja na sauti moja, na wengine arobaini na tisa waondoke. Kwa hiyo hata mtu aapaye kwamba hatabadilisha neno lolote, amekwisha kubadilisha mambo mengi siku ile achaguapo mwigizaji wa kwanza.

Tena hadithi yenyewe haikupata kuwa moja. Gwassi ni nchi ya Abasuba, ambao wengi wao kwa muda wa vizazi kadha wamekuwa wakisema Kijaluo kuliko lugha ya mababu zao. Nani basi aseme kwa yakini kwamba hadithi ya Nyamgondho ni ya Wajaluo tu, au ya Wasuba tu? Imepita katika lugha mbili na vinywa visivyohesabika, na kila kinywa kiliongeza au kilipunguza. Msimulizi mmoja hutaja fimbo, mwingine huisahau. Mmoja husema wake wengine wa Nyamgondho walimchochea, mwingine huweka lawama yote juu ya pombe. Nyanya wa kijana yule naye alimsimulia mjukuu wake hadithi ambayo mama yake mwenyewe hakuisimulia vile vile. Ikiwa kubadilisha ni kosa, basi kosa hilo lilianza zamani sana, na pasipo kosa hilo hadithi isingalitufikia.

Sasa tuwageukie wanne wengine. Neno lao lilikuwa hili: "Twaipenda hadithi hii. Ni yetu. Kwa nini tusiifanye kama tupendavyo?" Hapa ndipo penye fumbo. Kupenda ni jambo jema, lakini hakuna methali isemayo kwamba mpenzi huona sawasawa. Iliyopo husema kwamba ukipenda chongo huita kengeza. Mpenzi wa hadithi huipenda sana hata akaona ndani yake mambo anayoyataka yeye, akadhani ndiyo yaliyomo. Aweza kuipamba mpaka ikapotea chini ya mapambo. Adui wa hadithi huiacha tu, ikabaki kama ilivyokuwa. Mpenzi huichukua, huibeba, huitembeza, na kwa hiyo ni yeye, wala si adui, awezaye kuivunja.

Mtu akitaka kujua hatari hiyo, na amtazame Nyamgondho mwenyewe. Mvuvi huyu hakuvipata vitu vyake kwa kuvitengeneza. Alitupa wavu, na wavu ukaleta kitu asichokifanyia kazi. Hakulaumiwa kwa kuwatumia ng'ombe wake, wala kwa kula na kunywa na kuoa. Kosa lake lilikuwa kusahau mali ilikotoka, akafika kumtukana yule aliyekuja nayo. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, walisema wahenga. Nasi tuchukuapo hadithi ya wazee twafanana naye siku ile ya wavu mzito. Twapewa mali tusiyoitafuta. Haki ya kuitumia tunayo. Lakini siku tutakapoanza kusema kwamba sisi ndio tuliokiokota kitu hiki kisichokuwa na thamani, tukakipa uzuri, siku hiyo tutakuwa tumesimama langoni usiku na ulevi kichwani. Upendo haumfanyi mtu kuwa mwenye hadithi. Humfanya mdeni wake.

Mdeni huyo atajuaje badiliko lipi ni halali na lipi si halali? Jibu langu limejengwa kwa mawe, nalo liko Migori. Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori kuna maboma ya kale yaitwayo Thimlich Ohinga. Wachunguzi wa mambo ya kale wanakadiria kwamba yalijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zimesimama kimo cha mita 1.5 mahali pengine na mita 4.5 mahali pengine, na baina ya mawe hakuna saruji wala udongo. Wajenzi walipanga upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza mawe madogo katikati, yakashikana kwa uzito wake na kwa jinsi yalivyochaguliwa. Watu wa asili mbalimbali waliishi humo, kundi baada ya kundi. Waliokuja nyuma walikuta kuta wasizozijenga, wakazitengeneza zilipobomoka, na mahali pengine wakazibadilisha kwa haja zao.

Mtu atengenezaye ukuta wa namna hiyo hana ruhusa ya uvivu. Hawezi kuficha jiwe baya chini ya lipu. Hana budi kulitazama pengo, kisha ayatazame mawe ya juu yake na ya chini yake, ndipo atafute jiwe litakalobeba mzigo uliokuwa ukibebwa na lile lililoanguka. Jiwe lake laweza kuwa geni, limetoka kilima kingine, na rangi yake si ile. Hilo si neno. Swali ni kama litabeba. Vivyo hivyo mtu abadilishaye hadithi na ajiulize, Kitu hiki ninachokiondoa kilikuwa kimebeba nini? Na kile ninachokitia mahali pake, je, kitabeba mzigo huo?

Tuyapime kwa kipimo hicho mapendekezo ya wanafunzi wale. Mashua ya injini yaweza kukaa mahali pa mtumbwi, na nyumba za kupangisha mahali pa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe walibeba maana ya mali, na mali ya leo yaonekana hivyo. Labda kazi itakuwa ngumu watakapofika mwisho, maana ng'ombe huweza kuingia ziwani kwa miguu yao na nyumba haziwezi. Lakini hiyo ni kazi ya akili, na akili wanayo.

Mwanamke kijana na mzuri ni jambo lingine. Ubaya wa kikongwe ulikuwa jiwe la msingi. Mtu yeyote angemchukua nyumbani msichana mzuri aliyetoka majini. Hapana wema katika hilo, wala hapana mtihani. Nyamgondho alimchukua mtu ambaye hakuna aliyemtaka, na hilo ndilo jambo jema pekee tunaloambiwa alilitenda kabla hajapata mali. Ukiuondoa ubaya huo, umeondoa wema wake. Na ukiondoa wema wake, anguko lake halina kimo, kwa maana mtu aliyekuwa chini tangu mwanzo hana pa kuangukia.

Na ng'ombe kurudi kutoka majini? Namheshimu kijana aliyelisema, kwa kuwa moyo wake ni wa huruma. Ziko hadithi nyingi ambazo toba hufika kwa wakati wake, na ni hadithi njema. Hii si mojawapo. Hii husema kwamba yako maneno ambayo yakitoka hayarudi, kama maji yaliyomwagika yasivyozoleka. Kila mtu aliyewahi kumdhalilisha mzazi, mke au rafiki kwa kumkumbusha unyonge wake wa zamani anajua kwamba neno la namna hiyo huweza kusamehewa, lakini halisahauliki. Mtazamaji ana haki ya kuogopeshwa na ukweli huo. Tukimrudishia Nyamgondho ng'ombe wake ili watu waondoke na furaha, tumewanyima onyo ambalo wazee walilihifadhi kwa ajili yao, na tumefanya hivyo kwa kutaka kupigiwa makofi.

Ama nyumba ya mwanamke chini ya ziwa, hadithi kwa kawaida hunyamaza juu yake. Kunyamaza si pengo siku zote. Ziwa lenyewe hutoa bila kueleza na huchukua bila kueleza. Mvuvi hujua hivyo kuliko mtu yeyote. Wanaotaka kupaonyesha mahali hapo na waulizane kwanza kama wana la kusema, ama wanataka tu kuonyesha uhodari wa kupamba.

Watu wa nchi nyingine nao wamejaribiwa kwa jambo hili. J. R. R. Tolkien wa Uingereza alitoa kitabu chake kirefu, The Lord of the Rings, katika sehemu tatu baina ya mwaka 1954 na 1955. Baada ya miaka michache Wamarekani kadha, mmoja wao mpenzi mkubwa wa hadithi za miujiza, walitaka kukifanya filamu, wakamletea mpango wao. Mwaka 1958 Tolkien aliujibu kwa barua ndefu yenye uchungu. Alilalamika kwamba mtungaji wa mpango alikuwa na haraka, akapenda mapigano kupita kiasi, na akatia uchawi mahali usipohitajiwa. Filamu hiyo haikutengenezwa. Baadaye Peter Jackson wa New Zealand alitengeneza filamu tatu, za mwaka 2001, 2002 na 2003, na ya mwisho ikapata tuzo 11 za Oscar. Naye aliondoa mambo mengi. Tom Bombadil, mtu wa msituni apendwaye na wasomaji wengi, hakuonekana kabisa, na wako ambao hadi leo hawajalisamehe jambo hilo. Lakini wengi walioufunga mkono wao kwa hasira waliufungua walipoona kwamba mzigo wa hadithi ulibebwa: mdogo na mnyonge alipewa kazi ambayo wenye nguvu hawakuiweza, nayo karibu imvunje.

Mwaka 2009 wapenzi wa kitabu hicho hicho, wakiongozwa na Mwingereza Chris Bouchard, walitoa filamu yao wenyewe ipatayo dakika 40, iitwayo The Hunt for Gollum. Waliifanya kwa fedha kidogo na kwa watu waliojitolea, na walioitazama hawakutozwa kitu. Naitaja ili msomaji ajue kwamba vijana kumi na mmoja wa Migori na Homa Bay hawaoti ndoto isiyo na mfano. Kazi ya namna hii imewezekana mahali pengine kwa watu wasio na utajiri.

Sasa nafika mahali pagumu zaidi. Kipimo cha ukuta chatwambia tulinde mzigo wa hadithi. Tufanyeje ikiwa mzigo wenyewe huwaangukia watu walio hai? Twaa habari za Luanda Magere. Shujaa huyu alikuwa tishio kwa maadui wa watu wake, na silaha hazikumwingia. Maadui hao, ambao masimulizi mengi huwataja kuwa ni Wanandi, walimpa binti yao amwoe. Siku moja Magere aliugua, akamwambia mkewe achanje kivuli chake ili kutia dawa. Mke alipochanja kivuli, damu ikatoka. Siri ikajulikana, mke akawakimbilia watu wake, na katika vita vilivyofuata Magere akachomwa mkuki kivulini, akafa, akawa jiwe. Pwani nako husimuliwa habari za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo hakudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Hadithi hizi mbili ni kama ndugu. Zote zasema kwamba mtu asiyeshindwa na adui hushindwa na yule aliyemfungulia siri yake. Lakini zina tofauti moja: msaliti wa Liyongo ni mtoto wake, na msaliti wa Magere ni binti wa jirani.

Jirani huyo yupo hadi leo. Watoto wake husoma katika vyuo vimoja na watoto wetu, na wataitazama filamu. Nchi yetu iliona baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 jinsi maneno juu ya jirani yawezavyo kugeuka moto. Wengine watasema, basi, hadithi hiyo iachwe, au binti afanywe mtu wa kabila lisilojulikana. Mimi siwaungi mkono. Hadithi iliyofichwa husimuliwa gizani, na gizani huongezewa sumu. Nadhani filamu yaweza kutenda haki ambayo masimulizi hayakuwa na nafasi ya kuitenda. Tumesema kwamba filamu hulazimika kumpa kila mtu uso. Basi na impe uso binti huyo. Aonekane siku ile alipoambiwa na baba yake kwamba atapelekwa kuolewa na mtu aliyewaua kaka zake. Aonekane akimwuguza mumewe. Aonekane usiku ule baada ya damu kutoka kivulini, amesimama kati ya watu wawili awapasao uaminifu, naye hawezi kuwapa wote. Tukimwona hivyo tutatambua kwamba alifanya kwa ajili ya watu wake jambo ambalo kama lingefanywa na binti yetu kwa ajili yetu, tungemwita shujaa.

Kufanya hivyo si kuidanganya hadithi. Magere atakufa vile vile, na jiwe litabaki. Tumeongeza jiwe lililokuwa limekosekana, na ukuta umekuwa imara zaidi. Uaminifu kwa waliokufa na haki kwa walio hai mara nyingi huonekana kama fahali wawili wasiokaa zizi moja. Lakini mtu mwenye subira akiitazama hadithi kwa makini, aghalabu ataona kwamba haki aitafutayo ilikuwa imelala humo humo, ikingoja mtu wa kuiamsha. Na ikiwa haimo kabisa, basi afanye kazi nyingine kwa jina lingine, aseme wazi kwamba ni yake.

Limebaki deni moja, ambalo vijana hulisahau upesi: deni la mwenzi kwa mwenzi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Watu kumi na mmoja wapendao hadithi moja wana Nyamgondho kumi na mmoja vichwani, na filamu itakuwa na mmoja tu. Kumi hawana budi kuwaaga wa kwao. Jambo hili huuma kuliko linavyoonekana, maana kumwaga mtu uliyekaa naye tangu utotoni si kazi nyepesi. Nimewaona wanafunzi wakali katika mabishano wakikosa neno walipotakiwa kukubali kwamba wazo la mwenzao lilikuwa bora. Anayeshinda katika kikao na akumbuke kwamba ushindi wake umelipwa na wengine. Anayeshindwa na akumbuke mawe madogo ya katikati ya ukuta wa Thimlich Ohinga. Hayaonekani kwa mgeni apitaye, lakini yakitolewa, pande zote mbili huanguka.

Na majina ya watu yaandikwe. Si majina ya waigizaji peke yao, bali pia ya wazee waliosimulia, wakiridhia kutajwa, na ya mahali hadithi ilipochotwa. Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, nayo hutambua kwamba jamii ina haki juu ya hadithi zake. Ni vyema sheria iwepo, kwa maana wako watu wakubwa wenye fedha wawezao kuja na nyavu zao. Lakini mtu mwema hangoji sheria imwambie amshukuru mwenye mali.

Huenda mtu akauliza kama haya yote yana faida, maana mipango mingi ya vijana huishia katika mazungumzo. Ni kweli, huishia huko. Hata hivyo kijana aliyetaka kujua kama fimbo ya Nyamgondho ilikuwa ya mti gani, akaenda kumwuliza babu yake, amefanya jambo ambalo huenda asingelifanya kamwe. Babu naye, aliyedhani kwamba hakuna tena amtakaye kwa lolote, ameulizwa swali ambalo yeye peke yake ndiye awezaye kulijibu. Ikiwa filamu haitatoka, mazungumzo hayo yametoka.

Basi, wewe msomaji uliye kijana, ukipata hadithi unayoipenda na wenzako mkatamani kuitia katika filamu, fanyeni bila hofu. Msizuiwe na yule asemaye kwamba hakuna ruhusa ya kugusa, kwa maana hadithi isiyoguswa hufa. Wala msimfuate yule asemaye kwamba yote ni ruhusa, kwa maana huyo amelewa. Tafuteni kwanza ni nini kilichobebwa na kila jiwe. Mtazameni usoni yule ambaye hadithi ilimpita haraka. Sikilizaneni. Na kazi ikiisha, mtu wa kwanza kuitazama asiwe mwamuzi wa mashindano. Awe yule mzee aliyewasimulia, na mketi kando yake mpaka mwisho, mkiwa tayari kusikia atakalosema.